Sisimizi Hana Bosi

Bosi wetu Norman alikwenda Kampala kwenye semina ya siku tatu, akarudi na kichwa kipya. Aliwakusanya madereva sita wa malori ya maji pale yadini kwetu, mtaa wa Juba Na Bari, karibu na mto tunakojazia, akawaambia kampuni si mashine. Kampuni ni kundi la sisimizi. Sisimizi hana bosi, hana mtu wa kumpangia safari, na bado sukari yako ataipata popote utakapoificha.

Mtu wa kupanga safari ni mimi, Shallon. Miaka minane nimekaa kwenye meza ile nikipokea simu za wateja na kumwambia kila dereva aende wapi. Norman aliufuta ubao wangu wa zamu kwa mkono wake mwenyewe, akaandika kanuni tatu: Usingoje amri. Nenda kwa mteja wa karibu. Ukiona wenzako wanaelekea mahali, fuata.

"Mpangilio utazaliwa wenyewe," akasema. "Wiki mbili, Shallon. Ukizaliwa, meza hii haina kazi tena."

Nilikasirika hadi masikio yakapata moto. Mtu analala hotelini siku tatu, anakula biskuti za bure, halafu anakuja kuniambia hata sisimizi hawanihitaji! Kweli akili nyingi huondoa maarifa.

Kesho yake asubuhi simu yangu ikalia. Alikuwa Gaetano, dereva Mganda mwenzangu, akinong'ona.

"Dada Shallon, mimi iko Sherikat. Maji imebaki nusu. Napeleka wapi?"

Nikamwambia. Baada yake akapiga Lako, kisha Swaka. Kufikia Ijumaa wote sita walikuwa wananipigia kwa siri, nami nawajibu nikiwa nimejificha nyuma ya pampu. Wateja walipata maji kwa wakati. Norman alitembea yadini akitabasamu na kuchora mishale kwenye daftari.

Ndipo nikazinduka. Kila nikijibu simu, nadharia ya bosi inanenepa na kazi yangu inakonda! Jumatatu nikaizima simu.

Siku hiyo palikuwa na msiba nyumba ya tatu kutoka yadini. Hapa Juba hupiti penye bika, yaani matanga, ukiwa na lori la maji, ukajifanya hukuona. Swaka, mtoto wa Kibari, akaingia atoe japo mapipa mawili. Lako akamwona, akafuata, kama kanuni inavyosema. Saa nne malori yote sita yalikuwa yamejipanga pale, na wafiwa, wakidhani marehemu alikuwa mtu mkubwa kuliko walivyojua, wakaanza kulia upya. Na matangani huondoki bila kula. Madereva wakaketi, wakaletewa asida, ugali wa huku. Nilipomweleza Norman, alijibu kwamba vurugu hutangulia mpangilio, semina ilisema.

Saa sita Nyadak, muuguzi wa zahanati ya wazazi kule Jebel, alifika kwa boda. Wanawake watatu walikuwa na uchungu na tanki lilikuwa kavu.

"Shallon, nimekupigia tangu asubuhi," alisema. "Hao watoto nitawaosha na nini?"

Aibu ilinishika, aibu ya kweli. Hasira zangu na Norman zilikuwa zimewaangukia watu wasionikosea chochote. Nikawasha simu, nikampigia Swaka: "Acha asida, nenda Jebel sasa hivi!" Akaenda, na maji yakafika kabla ya mtoto wa kwanza.

Saa nane Norman alikuja mezani kwangu, uso unang'aa. Alikuwa ameliona lori la Swaka likichomoka msibani.

"Umeona? Mfumo umejirekebisha wenyewe! Sisimizi mmoja ametoka, njia mpya imepatikana. Samahani, dada yangu. Ijumaa ndiyo siku yako ya mwisho."

Nilisimama nimjibu, lakini kabla sijafungua mdomo, simu ikalia mezani. Norman akaiwahi, akaweka spika.

"Dada Shallon," ilisema sauti ya Gaetano katikati ya vilio, "chakula imeisha. Mimi napeleka maji wapi?"

"Jipange mwenyewe!" Norman akafoka. "Fuata kanuni!"

Kwa vilio vile Gaetano hakuitambua sauti. "Wewe ni nani? Nipe Shallon. Na tafadhali, bosi asijue. Yeye anafikiri tunajipanga."

Norman alikaa polepole kwenye kiti changu. Aliitazama ile simu, akautazama ubao wake, kisha akanisogezea simu kwa mikono miwili.

"Mwambie," akasema kwa sauti ndogo.

Sikuipokea mara moja. Kwanza nilimwambia atoke kwenye kiti changu.