Hatua Ishirini Nyuma

Mbeyu Gona alikuwa ametimiza miaka kumi na sita akiongoza wageni katika msitu wa Arabuko Sokoke, na kwa miaka hiyo alikuwa ameona wa kila namna: waliotokwa na machozi kwa kumwona bundi, waliotokwa na machozi kwa siafu, na mmoja aliyekuja na suti na tai. Lakini hakuwahi kupata mgeni wa kumwajiri ili asiwepo.

Mgeni mwenyewe alitoka Ufini. Jina lake lilikuwa Eero, ila mlinzi wa lango la Gede alisikia vyake, akaandika Heri kitabuni, naye akawa Heri mpaka siku aliyoondoka. Kiswahili alijifunza kwa simu, miezi minane, huko kwao kwenye theluji. Alikisema polepole, kila neno kana kwamba analifuta vumbi kwanza.

"Mimi ninasafiri peke yangu," alimwambia Mbeyu asubuhi ya kwanza. "Nimevuka ziwa la barafu peke yangu. Nimekaa mlimani siku tisa peke yangu. Watu wanatazama video zangu kwa sababu niko peke yangu. Umenifahamu, Bi Mbeyu?"

"Nimekufahamu. Lakini humu mna ndovu, Bwana Heri. Mgeni haruhusiwi kuingia bila mwongozaji."

"Nimeambiwa. Kwa hiyo wewe utatembea nyuma yangu, hatua ishirini. Nikiwasha kamera, utasimama nyuma ya mti."

Mbeyu alimtazama usoni aone kama ni mzaha. Haukuwa mzaha.

"Mti wowote?"

Heri akampima kwa macho, juu hadi chini. "Mti mnene," akasema.

Safari ilikuwa ya siku tatu kwa miguu: kuukata msitu kutoka Gede hadi Jilore, kuvuka mto Sabaki, kisha kupanda mpaka Marafa kwenye korongo la Nyari. Heri alibeba begi lenye kamba na vifungo visivyo na idadi. Mbeyu alibeba maji, chakula, na mkoba wa kamera, kwa kuwa kamera ilikuwa nzito na Heri alitaka aonekane mwepesi.

Shida ya kwanza ilikuwa kwamba anayeijua njia alikuwa nyuma. Kila njia ilipogawanyika, Mbeyu alinong'ona, "Kushoto, Bwana Heri." Heri alisimama, akafumba macho, akanusa upepo, kisha akageuka kushoto kama aliyeongozwa na damu ya mababu zake.

Shida ya pili ilikuwa watu. Saa nne hivi, kwenye uwazi mzuri wenye miti mirefu ya mirihi, Heri aliisimamisha kamera juu ya miguu yake mitatu, akasogea mbele yake na kuanza kueleza kwa lugha ya kwao kuwa hapa alipo, hakuna binadamu hata mmoja. Wakati huo huo wakatokea wanawake wanne wenye mizigo ya kuni vichwani. Walipomwona mtu anazungumza na chombo, walisimama kwa adabu wangoje amalize. Heri naye akanyamaza angoje wapite. Wakabaki hivyo, yeye anawangoja na wao wanamngoja, kuni zikizidi kuwa nzito.

Mwishowe yule mkubwa wao akavunja kimya. "Mwanangu, tusalimiane basi. U mzima?"

"Shikamoo. Mimi ni mzima."

"Marahaba. Uko na nani humu?"

"Niko peke yangu."

"Lo, pole! Huna ndugu?"

"Ninao wawili."

"Wamekukosea nini?"

Nyuma ya mti, Mbeyu aliing'ata leso yake asicheke. Lakini msichana mmoja kati yao, Hope, alikwisha kuona. "Hayuko peke yake, bibi. Mbeyu yuko pale, naona kiatu chake."

"Alhamdu... afadhali!" akasema yule mama, ambaye kanisani hakosi lakini jirani zake ni Waislamu. Ikambidi Mbeyu atoke aamkiane nao, aulizwe habari za mamake, mguu wa mamake, mahindi na mbuzi. Heri alikaa chini akangoja. Nusu saa baadaye alianza upya kueleza kuwa hakuna binadamu hata mmoja, ila mwanga ulikuwa umeshaharibika.

Jioni walipiga mahema yao mawili. Heri alikula, akaingia kulala akiwa amenuna.

Alfajiri Mbeyu alikuta karatasi imebandikwa kwenye hema lake. *Nimekwenda kuwa peke yangu. Usinitafute. Nitarudi kwa chai.*

Alisema neno moja la Kigiriama ambalo mamake asingependa kulisikia. Kisha hasira ikaipisha hofu. Ndovu wakimkanyaga mzungu huyu, nani atauliza kuhusu karatasi? Watauliza, mwongozaji alikuwa wapi? Miaka kumi na sita itaishia hapo. Alifunga leso kiunoni akashika njia.

Kumfuata hakukuwa kazi. Nyayo za viatu vyake zilikuwa pana kama mikate ya kumimina, na zilikwenda moja kwa moja kuelekea bwawa wanakonywa ndovu, zikiruka kinyesi cha ndovu ambacho bado kilikuwa kinafuka mvuke. Mbeyu akaanza kukimbia.

Alimkuta ameketi juu ya gogo kando ya bwawa, amempa mgongo. Alikuwa amevua viatu. Kamera hakuwa nayo, ilibaki kambini kwenye mkoba. Hakuwa akisema na mtu wala chombo. Mabega yake, ambayo siku nzima ya jana yalisimama wima kama ya askari, yalikuwa yameshuka, na vidole vya miguu yake vilicheza taratibu kwenye tope.

Mbeyu alifungua kinywa amwite, akakifunga. Naye akakaa, nyuma ya kichaka, hatua kama ishirini. Ilimjia kwamba hajawahi kukaa kando ya bwawa lile bila mtu wa kumweleza yule ni ndege gani na huu ni mti gani. Palikuwa pazuri. Alishangaa jinsi palivyokuwa pazuri.

Ndovu walikuja bila kishindo, saba, ng'ambo ya maji. Upepo ulitoka kwao, kwa hiyo hawakumnusa mtu. Wakanywa. Heri hakutikisika. Ingeishia hapo, lau si mtoto wao mmoja aliyechoka kunywa akaanza kulizunguka bwawa, mkonga juu, akielekea gogoni. Mamake akamfuata, masikio yametanuka.

Mbeyu alipiga hesabu haraka. Akimwita Heri, atasimama. Akisimama, atakimbia. Akikimbia, basi. Aliokota tawi kavu, akaliweka gotini, akalivunja. Likalia kaa!

Ndovu mama akasita. Akainua mkonga, akanguruma kwa chini, kama mtu anayesafisha koo, na mtoto akageuka. Wote saba wakarudi walikotoka, msitu ukawafunika.

Mbeyu alirudi kambini kwa njia ya mkato. Alikoka moto, na birika lilipochemka Heri akatokea, viatu mkononi, uso umeng'aa kama wa bwana harusi.

"Bi Mbeyu! Nimeonana na ndovu. Saba!"

"Ala!"

"Mama yao alinitazama. Nami nikamtazama. Akaelewa kwamba sina ubaya, akaondoka."

"Hukusikia chochote?"

"Tumbili mmoja alivunja tawi. Yeye hakujali." Akapokea kikombe kwa mikono miwili. "Hata kule kwenye barafu, sijawahi kuwa peke yangu namna ile."

Mbeyu alikuwa na maneno, mengi. Sheria, ndovu, kazi yake, tawi. Yalipanga foleni kinywani. Aliitazama miguu ya yule mtu mzima, imejaa tope hadi kwenye vifundo, na yale maneno yakakosa njia.

"Hongera," akasema. "Lakini ukirudia, nitakufunga kamba mguuni kama mbuzi."

Heri alidhani ni msemo wa Pwani. Aliomba autamke tena, akauandika.

Siku mbili zilizobaki alikuwa mtu mwingine. Alimwita Mbeyu aje karibu amtajie ndege, akamgawia chokoleti, akamweleza kuhusu dada zake. Hata hivyo kamera ilipowaka Mbeyu alitafuta mti. Mtoni Sabaki, Heri alimwomba Mwaro, mwenye mtumbwi, amvushe bila mtu mwingine yeyote ndani. Mwaro alifikiri sana. "Sawa," akasema, "na kafi atapiga nani?" Wakavuka pamoja, na mwalimu mmoja, na mbuzi wawili, na godoro.

Video ilitoka baada ya miezi miwili. Mbeyu alimwekea mamake simu mbele ya uso, wakaitazama uwanjani. Msitu, mto, kuta nyekundu za Nyari, na ndani yake mtu mmoja tu. Godoro halikuonekana. Bwawa halikuonekana pia, ila Heri alisema kwamba palikuwa na asubuhi moja ambayo hana picha yake.

Mamake alipangusa macho kwa ncha ya leso.

"Maskini, mtoto wa watu. Hata mtu wa kumshikia maji?"

"Alitaka mwenyewe, mama."

"Nani atake hivyo? Na wewe kazi yako si ni hiyo? Ulikuwa wapi?"

Hapo Mbeyu akasimulia, kwa mara ya kwanza, mambo ya bwawani. Mamake alisikiliza mpaka mwisho.

"Umemwambia?"

"Sikumwambia."

"Basi usimwambie. Mwandikie tu kwamba akija tena, hapa pana kitanda."

Mbeyu akaandika. Jibu lilifika jioni ile ile. Heri alishukuru sana. Atakuja Agosti, na wenzake kumi na mmoja. Ameanzisha mafunzo ya kusafiri peke yako, na nafasi zote zimejaa.

Mama aliposomewa alimshukuru Mungu kwa sauti. Mbeyu alikuwa ameshachukua kalamu, anaandika majina ya waongozaji wote aliowajua kuanzia Gede hadi Jilore, akianza na wembamba.