Wati Sabini na Tatu

1.

Kibandiko kinasema:

CHAJA YA BETRI YA BAISKELI. WATI 73. IMEUNDWA KOROGWE.

Kibandiko hakisemi ni wati za wakati gani.

2.

Kanuni, kwa Kiswahili changu mwenyewe: chaja isiyozidi wati sabini na tano haiwekewi ukomo wa uchafu inaoutia kwenye nyaya. Ikizidi hapo, uchafu upimwe.

Uchafu gani? Msomaji, umeme hupanda na kushuka kama kifua cha mtu aliyelala. Chaja ya ovyo haifuati pumzi hiyo. Inanyakua, inaacha, inanyakua. Moja haina neno. Zikinyakua nyingi pamoja, waya wa nyutro, ambao kazi yake ni kurudisha mabaki, unabeba yote na kuchemka.

Mengine jifunze. Mimi nilijifunza jioni, mikono ikiwa bado inawasha kwa mkonge.

3.

Titus Semvua na mimi tulikuwa na kitabu kimoja katika madarasa ya jioni. Utaratibu wetu: anayeshika hasomi. Anakishika karibu na taa, mwenzake anasoma kwa sauti. Ukurasa ukiisha, tunabadilishana. Basi nusu ya ninayoyajua yaliniingia kwa sauti ya Titus.

Nusu.

(Miaka mingi baadaye, chumba changu cha kupimia. Titus na mimi.)

— Bwana Hiza, chaja yangu ya kwanza hiyo. Usije ukaiangusha, mikono imezeeka.

— Imezeeka ya kwako. Betri?

Mwenye chaja huja na betri yake, ndivyo tunavyofanya. Betri kavu, yaani iliyokwisha chaji, hunyonya sana. Ikikaribia kujaa, hunyonya kidogo.

— Hii hapa. Nimeikausha mwenyewe.

— Kabisa?

— Ala! Unapima chaja au unanipima mimi?

Tulicheka. Kipimo kikasema sabini na tatu.

4.

TANGAZO

Wananchi mnaarifiwa kuwa chaja za Karakana ya Semvua zimekubaliwa kwa matumizi, kwa kuwa nguvu zake hazifikii kiwango cha kuwekewa ukomo.

Hiza Shemhilu, Mpimaji.

5.

Bi Namsifu, mwenyekiti wa wauza maziwa, mkono umefungwa bendeji:

"Tulisomewa jina lako, baba, ndiyo tukanunua. Baiskeli zikirudi tunachomeka zote, betri zimekwisha. Nikasikia harufu. Nikadhani maziwa yameungua. Natazama juu, waya unadondoka kama nta. Sasa niambie. Tulikosea wapi sisi?"

6.

Waya wa nyutro:

Mimi ni wa kurudisha tu. Hakuna aliyeniwekea fyuzi. Hakuna aliyenishuku. Kwa hiyo nilipowaka, niliwaka bila mtu wa—

7.

Nilipima bandani kwa Bi Namsifu. Betri iliyokauka kweli: mia na thelathini na moja.

Nikangoja ikaribie kujaa.

Sabini na tatu.

Titus aliniletea betri iliyoshiba.

Titus, karakanani, bila kuacha kukaza skrubu:

"Sikuandika uongo. Kuna wakati inakula sabini na tatu. Ningeiunda upya, karakana ingekufa. Kwa mpimaji mwingine? Angeipima betri kwanza."

Kisha, taratibu:

"Nilikuja kwako kwa sababu wewe ungeniamini."

Msomaji, nimesoma maneno mengi magumu maishani. Hayo sijayamaliza.

8.

Mlangoni pa karakana pamepangwa makasha ya chaja. Yanakwenda Muheza, kwenye mabanda mengine, yakiwa na jina lake nje na langu ndani, kwenye tangazo.

Naweza kulifuta tangazo peke yangu. Watasema wazee wamegombana. Akisema yeye, hakuna atakayechomeka.

Nikampigia Bi Namsifu. Alikuja.

9.

Nimeweka mezani betri iliyokauka. Nimeikausha mwenyewe, mbele ya Titus. Nimechomeka chaja moja kutoka kwenye makasha. Nimekishika kipimo karibu na taa, nimekigeuza, namba zimtazame yeye.

— Unafanya nini, Hiza?

— Nimeshika.

Ananielewa. Uso unambadilika kama wa mtu aliyeitwa kwa jina la utotoni.

— Ndugu yangu, mbele ya mama huyu?

— Anayeshika hasomi. Soma, Titus. Kwa sauti.

Bi Namsifu anasogea, mkono wa bendeji kifuani.

— Soma, baba. Nami sikusoma, nataka kusikia.

Titus anafuta miwani. Anaivaa. Anainama kwenye namba, karibu, kama zamani, na mdomo wake unafunguka

—