Ngazi Tatu za Buluu

Ngazi haipakwi rangi. Hilo Mama Randa alilijua kabla hajajua kuandika jina lake, maana marehemu baba yao, seremala, aliwaimbia yeye na kaka yake kila siku: mti uacheni uchi, ukiwa na ugonjwa muuone. Sasa alikuwa amesimama kwenye geti la shule, mfuko wa misumari begani, anatazama ngazi tatu zilizoegemezwa kwenye ukuta wa karakana. Zote za buluu, zinang'aa kama sahani mpya.

Mfuko ukamshuka begani.

Jana asubuhi, kabla hajaenda mjini kununua misumari, alikuwa amezikagua moja moja. Mbili zilikuwa nzima. Ya tatu ilikuwa na ufa kwenye kidato cha juu, pale kinapoingia kwenye mti wa pembeni, ufa mwembamba wa kumdanganya mtu mwenye haraka. Aliichora msalaba wa chaki ubavuni, akamwambia kaka yake: hii isipandwe, nikirudi tutaitengua. Mvua ikamlaza huko huko mjini. Aliporudi, chaki ilikuwa imefunikwa na rangi.

Wala usimuulize ngazi ile ilikuwa ya nani. Katika shule yao hapakuwa na maksi, hapakuwa na wa kwanza wala wa mkia, na mwanafunzi haandiki jina kwenye kazi yake. Kaka yake, Mwalimu Mkuu, aliianzisha kwa imani hiyo: jina huzaa majivuno, majivuno huzaa wivu, na kitu chema ni chema hata kikikosa mwenyewe. Mama Randa, aliyefundisha useremala hapo tangu siku ya kwanza, aliipenda imani hiyo, ingawa alizoea kumtania kaka yake kwamba hata mbuzi hutiwa alama. Ngazi tatu, kipimo kimoja, mbao za aina moja.

Na kuhitimu kulikuwa na sharti moja tu. Unaunda ngazi, zote zinaegemezwa pamoja, unachukua yoyote, unaipanda mbele ya watu, unagonga kengele iliyoning'inizwa chini ya paa la ukumbi. Ikikubeba, umefuzu.

Leo sharti hilo lilikuwa na mgeni. Mkaguzi wa elimu, mama wa makamo mwenye miwani, alikwishaketi mbele ya wazazi, faili mapajani. Akitia sahihi, shule itatambuliwa na wahitimu watapata vyeti. Asipotia, yatakuwa yale yale ya miaka mitatu: vijana wenye mikono ya dhahabu wanarudishwa kwenye mageti ya viwanda kwa sababu hawana karatasi. Mmoja wa watatu wa mwaka huu alikuwa Kijiti, kitindamimba wa Mama Randa mwenyewe.

"Kaka, ile yenye chaki iko wapi?"

Mwalimu Mkuu alimvuta nyuma ya mlango wa karakana. Jasho lilikuwa limelowesha kola yake. "Punguza sauti, dada. Imo humo humo."

"Ipi?"

"Tuliziba ufa kwa gundi na unga wa mbao, tukapiga rangi mara mbili. Hauonekani kabisa."

"Nimekuuliza ipi."

Akaangalia viatu vyake.

"Hata wewe huijui!"

"Mkaguzi ameandikiwa wahitimu watatu. Ningemwonyesha ngazi mbili? Watoto wenyewe wepesi, dada. Sahihi moja tu, halafu zote tuzitie moto ukitaka."

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kaka yake alikuwa ameuziba, tena kwa buluu! Mama Randa alitamani kumzaba kibao, mkubwa wake au si mkubwa wake. Lakini uani makofi yalikwishaanza, na jina la kwanza kuitwa lilikuwa la Kijiti.

Binti alitoka mstarini bila kumtazama mama yake. Akaipita ngazi iliyokuwa karibu, akaipita ya katikati, akachukua ya mwisho. Wenzake wakamsaidia kuisimamisha chini ya kengele. Mama Randa akaenda kuishika, kwani ndiyo kazi ya mwalimu. Alipitisha kiganja kwenye vidato alivyovifikia. Rangi ilikuwa laini, haisemi kitu. Miaka thelathini ya kupapasa mbao, na leo alikuwa kipofu.

Kidato cha kwanza. Cha pili. Cha tatu. Kijiti alipoinua mguu kwenda cha nne, mama yake akamdaka kifundo cha mguu.

"Shuka."

"Mama, watu wanatuangalia."

"Nimesema shuka."

Mkaguzi akainua macho. "Kuna tatizo?"

"Hakuna, mheshimiwa," Mwalimu Mkuu akadakia, anacheka peke yake. "Ni mama yake mzazi. Unajua tena uchungu wa mwana."

Wazazi wakacheka. Mama Randa akamgeukia kaka yake, na safari hii hakupunguza sauti.

"Kama ni uchungu wa mwana, panda wewe. Chagua yoyote."

Kicheko kikakatika. Kijiti akashuka. Mwalimu Mkuu akasogea. Akashika ile iliyosimama, akaiacha, akaenda kwenye mbili za ukutani, akagusa moja, akagusa nyingine. Akainua mguu, akaukanyagisha kidato cha chini. Mguu wa pili ulikataa kutoka ardhini. Alikaa hivyo kitambo, mguu mmoja juu, mmoja chini, wazazi wote wakimwona.

"Mheshimiwa," alisema hatimaye, sauti imekauka, "ngazi moja ni mbovu. Nimeifunika kwa rangi. Na sijui ni ipi."

Mkaguzi akarudishia kalamu yake kifuniko.

Mama Randa hakungoja ruhusa ya mtu. Alizilaza ngazi zote tatu chini, akachukua patasi, akaanza kukwangua. Ile aliyoichukua Kijiti ilikuwa nzima. Baba mmoja akalalama, "Si unaona? Angepanda salama tu! Mmetupotezea sahihi bure!"

Ya katikati nayo ilikuwa nzima. Ya tatu, ile iliyokuwa karibu kuliko zote, ilitoa gundi badala ya mbao. Mama Randa akakiwekea goti kidato cha juu. Kikavunjika kama biskuti.

"Na hii angepanda nani?" akamuuliza yule baba. Mzee wa watu akageuka kumtazama mwanawe, aliyekuwa wa pili mstarini.

Hapo Mama Randa akakumbuka jinsi binti yake alivyoipita ngazi hiyo hiyo. Akamgeukia.

"Kijiti. Ulijua?"

Binti alikuwa akilia. "Ni yangu, mama. Naujua mkono wangu. Chaki niliiona. Mjomba aliponipa brashi nikapaka. Nikasema moyoni, haina jina, nani atajua?"

Mama Randa alisikia aibu ambayo hajawahi kuisikia. Hakumpiga, hakumkumbatia. Alibaki amepiga magoti kwenye maganda ya rangi.

"Nitarudi baada ya miezi mitatu," mkaguzi alisema, akisimama. "Msipake kitu chochote."

Hakuna aliyemsindikiza. Kijiti alipiga magoti kando ya mama yake, akamchomolea penseli iliyokuwa nyuma ya sikio, akaandika jina lake lote kwenye mti mtupu, pembeni ya kidato kilichovunjika. Ilikuwa mara ya kwanza jina kuandikwa kwenye kazi ya shule ile. Watu wakamtazama Mwalimu Mkuu, wakingoja aseme kitu.

Yeye alivua koti, akachuchumaa, akanyoosha mkono.

"Nipe na mimi."

Akaandika la kwake chini ya la mpwa wake, kwa mwandiko mkubwa wa ubaoni, ili hata waliokaa nyuma wasome.