Alizeti za Mwanzo

Katibu wa chama cha wakulima alikuja kwetu saa nne asubuhi, akakataa kiti. Mtu akikataa kiti nyumbani kwako, ujue alichobeba ni kizito. Alisimama mlangoni pa stoo, kofia mkononi, akaniambia wanachama wamechoka na mbegu yangu.

Siku alikuwa amezihesabu. Zamani, mbegu hii ilipokuwa mikononi mwa mama mkwe wangu, alizeti nyekundu zilifunguka siku ya hamsini na tano tangu kupandwa, ardhi ikiwa bado na unyevu. Sasa zinafunguka siku ya sabini na mbili. Mvua za huku hukatika siku ya sitini na tano au karibu na hapo, kwa hiyo wakulima, wasio na kisima kama sisi, hubaki na matumba yaliyonyauka kabla ya kufunguka. Hayauziki sokoni, wala hayaiti nyuki kwenye mboga. Mbegu ya dukani imepakwa dawa, alisema, na hakuna anayeipenda, lakini walau inafunguka kwa wakati. Nikileta mfuko mmoja wa mbegu ya kuwahi kabla ya msimu ujao, chama kitaendelea kupanda ya kwetu. Nisipoleta, watahamia dukani, na mbegu ambayo mama mkwe aliichagua kwa miaka thelathini, bila dawa wala mbolea ya viwandani, haitapandwa tena na mtu.

Aliponipa mgongo nilijiambia neno moja tu: kuna mtu.

Mimi kwa asili si mtu wa kuamini haraka. Hata nikiambiwa chai ina sukari, naonja kwanza. Na hili halikuhitaji mganga. Nilikuwa nimeishika mbegu hii miaka saba, misimu kumi na minne, na mikononi mwangu alizeti zilirefuka, mbegu zikanenepa, kila mgeni akasifu. Mbegu iliyonenepa hivyo inaharibikaje yenyewe? Lazima mtu anaichanganya na takataka. Na stoo ile tulikuwa tunaiingia watu wawili tu, mimi na wifi yangu.

Wifi ni dada mkubwa wa mume wangu, aliyerudi nyumbani ndoa yake ilipovunjika. Majirani walimpachika jina la Redio, kwa kejeli, maana hasemi. Unaweza kukaa naye mnapepeta mbegu toka asubuhi hadi adhuhuri, asitoe neno zaidi ya "nipe ungo." Mtu wa namna hiyo hunipa wasiwasi. Anayesema sana unajua anachofikiri, lakini huyu unabaki kumkisia. Sababu ya ubaya alikuwa nayo pia: mama alipoishiwa nguvu za kuinama shambani, mbegu alinikabidhi mimi, mkwe, akamwacha binti wa kumzaa. Kidonda hicho nisingekisahau, na nilijua naye hajakisahau. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga hawakukosea.

Nikaanza kutega. Kwanza niliifunga midomo ya mifuko yote kwa fundo langu mwenyewe, lile la kufungia mbuzi, nikawa naikagua kila jioni. Mafundo hayakuguswa. Nikanyunyiza unga mwepesi sakafuni, nione nyayo. Kesho yake nyayo zilikuwepo kweli, zimeenda hadi kwenye rafu na kurudi. Nilimwita mume wangu mbio aje ashuhudie. Alizitazama nyayo, akaitazama miguu yangu, akacheka hadi akashika ukuta. Nilikuwa nimeingia alfajiri kuchukua kamba nikasahau unga wangu mwenyewe.

"Mke wangu," alisema akifuta machozi, "huyo mwizi ana kidole gumba kama chako."

Sikucheka. Nilimwambia damu ni nzito, hawezi kumwona dada yake vibaya. Naye akaacha kucheka, akaniomba niende taratibu. Taratibu! Siku za chama zilikuwa zinayoyoma.

Halafu nikamwona. Ilikuwa saa za alasiri, nimekaa kwenye ngazi ya nyuma nachambua majani makavu ya mwarobaini tunayowekea mbegu dhidi ya wadudu. Wifi alitoka shambani, mkono wa kulia ameuficha chini ya mtandio. Mkono wa kushoto alinipungia. Hanipungii kamwe! Alipita moja kwa moja hadi chumbani kwake, akafunga mlango, na alipotoka mikono yote miwili ilikuwa inaning'inia mitupu. Usiku ule sikula vizuri, si kwa huzuni bali kwa furaha ya mtu aliyejua tangu mwanzo.

Siku ya pili yake ilikuwa siku ya kliniki ya mama, na kama kawaida tulimpakia kwenye bajaji, wifi akampeleka. Walipopotea kona ya barabara niliingia chumbani kwake. Naona aibu kulisema hili sasa, lakini wakati ule sikuona aibu hata chembe. Chumba kilikuwa safi, kitanda kimetandikwa kikakazika. Chini ya kitanda, nyuma ya beseni la nguo chafu, palikuwa na kopo kubwa la maziwa ya unga, mfuniko umezungushiwa utepe.

Nililifungua. Lilikuwa limejaa mbegu za alizeti karibu hadi juu, zimechanganywa na majivu laini na majani ya mwarobaini, kavu, bila mdudu hata mmoja. Lakini mbegu zenyewe! Ndogo, nyembamba, hazifiki nusu ya mbegu zangu. Hata ubaya wake ameutunza vizuri, nilijisemea. Hizi ndizo anazotumbukiza kwenye mifuko yangu kidogo kidogo, ndiyo maana mafundo yangu hayakunisaidia kitu, maana anazichanganya wakati wa kupepeta, mbele ya macho yangu.

Ningeweza kulificha kopo. Ningeweza kumngoja arudi nimuulize. Niliona kuuliza ni kumpa nafasi ya kutunga. Nilitoka nalo uani, nikaita kuku, nikamwaga. Tuna kuku kumi na mmoja na wote walikuja. Nilisimama pale na kopo tupu mpaka uwanja ukawa mweupe.

Waliporudi tulimlaza mama, dawa za kliniki zikamtia usingizi mzito, nikamwita mume wangu, nikaliweka kopo juu ya meza. Nilisema yote niliyokuwa nimeyapanga: kwamba nimemkamata, kwamba wivu umemfanya aue kazi ya mama yake mzazi, kwamba mbegu zake za ovyo sasa zimo matumboni mwa kuku. Nilisema kwa sauti ya kutosha majirani wapate cha kuzungumza. Mume wangu alimtazama dada yake akisubiri akane.

Wifi hakukana. Alilichukua kopo, akaingiza mkono ndani, akapapasa chini.

"Umewapa zote?" aliniuliza.

"Zote."

Akakaa sakafuni. Kiti kilikuwa karibu yake, hakukiona. Mume wangu alimuuliza mara mbili mbegu hizo zilikuwa za nini, naye akasema haina maana tena. Kabla jua halijazama alikuwa ameshafunga nguo zake kwenye mfuko na kwenda kwa shangazi yao, upande wa pili wa mji. Nami nilifurahi. Nilifagia stoo nzima kana kwamba natoa nuksi.

Siku tatu baadaye nilimpelekea mama uji. Chumba chake kilikuwa na harufu ya maua yaliyochacha maji. Pale dirishani, kwenye jagi, zilikuwepo alizeti nilizomkatia wiki tatu nyuma, zimeinamisha vichwa. Nikaanza kuzitoa nikizungumza naye, nikimsimulia habari ya kopo, maana alikuwa ameuliza binti yake ameenda kwa shangazi kufanya nini.

Mama alikuwa amelala chali. Nilipofika kwenye kuku aliinuka, yeye ambaye huinuliwa na watu wawili.

"Zile ndogondogo?" aliuliza. "Zenye majivu?"

Nikasema ndizo.

"Mimi ndiye niliyemwambia azifiche."

Nilibaki na mabua mkononi, maji yananidondokea miguuni.

Lazima nieleze habari ya maua haya. Nilipoolewa, mama hakunitaka. Tulikuwa hatupikiki chungu kimoja. Mwaka aliponipa shamba kwa kuwa hakuwa na budi, alizeti za kwanza kabisa kufunguka nilizikata zote, nikamletea chumbani, kwa kuwa asingeweza tena kwenda kuziona. Alicheka, akanishika mkono, akaniita mwanangu kwa mara ya kwanza. Tangu siku hiyo, kila msimu, alizeti zinazotangulia nilikuwa nazikata mimi kwa mkono wangu. Leo tatu, kesho saba, keshokutwa kumi, jagi lisikauke, mpaka shamba zima lifunguke. Hapo ndipo nilipoacha za mbegu. Nilikuwa najivunia. Niliamini hakuna mkwe anayeheshimu kama mimi.

Na alizeti yetu ni ya bua moja na ua moja. Ukikata ua, umekata mbegu yake yote.

Mama alinieleza kwa upole, na ule upole ndio ulionimaliza. Zinazofunguka kwanza ndizo mama wa mbegu ya kuwahi, alisema. Miaka thelathini yeye alizifungia uzi hizo, akavuna hizo tu, ndogo hivyohivyo, za nyuma akaziacha kwa ndege. Mimi nilimletea hizo za mwanzo nikazitia jagini, nikapanda za nyuma, ndefu na nene. Kila msimu nilikuwa nachagua uchelewaji. Wifi aliliona mapema. Msimu wa tatu alijaribu kuniambia nisikate za kwanza, nami nikamjibu kwamba wivu una dawa, aitafute. Hilo nalikumbuka vizuri, maana nililiona jibu la maana sana. Basi wakaamua, mama na binti yake, kila msimu wifi awahi kabla yangu, ainamishe vichwa viwili vitatu na kuvifunika majani nisivione, avivune vikikauka, mbegu zikae salama chini ya kitanda mpaka zitoshe kupandwa. Siku aliponipungia mkono, alikuwa ametoka kuvuna cha mwisho.

"Kwa nini hukuniambia wewe, mama?"

"Ulikuwa unaniletea kwa moyo mmoja," alisema. "Nilikutesa sana ulipokuja. Ningekwambia nini, usiniletee maua?"

Nilitoka mpaka uani. Nilipiga magoti nikapekua mchanga, nikapekua hadi ndani ya banda, chini ya viota. Nilipata maganda. Kuku mmoja alikuja kuchungulia kama nina zaidi.

Kwa shangazi nilienda kwa miguu, ili nipate muda wa kupanga maneno, na nilipofika yote yalikuwa yamenipotea. Wifi alikuwa anaanua nguo. Nilimwambia nimejua, na kwamba nimekosa, na kwamba sina cha kumrudishia. Nililia, sitaficha. Yeye aliendelea kukunja shuka, pembe kwa pembe. Aliniambia atarudi kwa sababu mama hawezi kuinuliwa na mtu mmoja. Hakusema amenisamehe na sikuthubutu kuuliza.

Kwenye mkutano wa chama nilisimama nikasema aliyeharibu mbegu ni mimi, nikaeleza jinsi. Wengine waliinamisha macho kwa huruma, na wawili watatu nyuma walicheka, haki yao. Katibu aliniuliza kama nina mfuko wowote wa mbegu ya kuwahi. Nikasema sina. Wakanyoosha mikono, wakahamia dukani.

Msimu ulipoanza tulipanda hivyohivyo, mbegu zangu nene, kwa kuwa hatukuwa na nyingine. Wifi alishika mistari ya mashariki, mimi ya magharibi. Maneno yaliyopita kati yetu yalikuwa "nipe jembe" na "shika." Kuanzia siku ya hamsini nilikuwa shambani kabla ya umande kukauka, natazama tumba moja moja, mikono nimeifunga nyuma kama mtoto aliyeonywa dukani. Siku ya hamsini na tano ilipita, ya sitini ikapita. Mvua zikaanza kupungua. Siku ya sitini na sita, katikati ya mstari wangu wa nne, bua moja fupi, ambalo zamani ningelidharau, lilikuwa limefungua ua jekundu, nyuki wawili juu yake.

Sikuligusa. Nilimwita wifi, nikamwita tena.

Alikuja bila haraka. Aliligeuza taratibu, akalitazama kwa nyuma, akatoa uzi mfukoni na kulifungia shingoni fundo moja dogo. Kisha akanitazama usoni, mara ya kwanza tangu siku ya kopo.

"Peke yake halizai," alisema. "La pili liko wapi?"

Sikujua. Nikamwambia sijui. Akaingia mstari wa tano, akanionyesha kwa kidole nichukue wa sita, tukaanza kutafuta.