Shingo ya Shibru

Siagi ilikuwa imeshaungwa viungo, mikate ya unga wa mmea wa enseti imepangwa kwenye majani, na fahali yuko uani anacheua, hana habari kwamba sherehe yote ni kwa ajili yake. Ilikuwa asubuhi ya kuchinja, Sikukuu ya Msalaba, na mimi nilishindwa hata kukaa. Mwaka mzima sisi wanawake tunachangishana siagi kwa ajili ya siku hii moja! Wagurage wenzetu wote walioko Addis Ababa walikuwa wamefunga maduka wakarudi nyumbani, akiwemo mume wangu Mandefro, ambaye tangu alfajiri alikuwa anakizunguka chungu cha siagi kama paka.

"Mandefro, ukionja tena nakukata kidole," nikamwambia.

"Kikate, Askale. Ukipake siagi kwanza."

Kwetu fahali wa Msalaba hachinjwi watu wakiwa na vinyongo. Nyumba nzima inakusanyika, na mwenye neno analisema kabla kisu hakijatoka alani. Baba mkwe wangu, mzee Damtew, ndiye mshika kisu, na ndiye anayetuuliza. Alisimama pale na shuka lake jeupe, uso umemkaa kikanisakanisa. Niseme haki yake: kwa kufunga, hakuna anayemfikia kijijini. Hakuna mfungo unaompita, na kanisani anafika kabla ya kasisi. Ila na yeye anajua kwamba hakuna anayemfikia, na hilo ndilo lililokuwa likinikera.

"Nani ana neno?" akauliza.

Mama mkwe, Birke, akaanza. "Askale mwanangu, nilimwambia jirani kwamba mkate wako ni mgumu kama kandambili. Nisamehe."

"Nimekusamehe, Mama. Jirani gani?"

"Hilo halimo kwenye toba."

Watu wakaangua kicheko, tukakumbatiana. Mzee Damtew akaridhika. "Mimi moyo wangu mweupe," akasema. "Sina neno na mtu. Mandefro, kamwite baba yako mdogo tuanze."

Shibru, mdogo wake, anakaa upande wa pili wa ua, na fahali huwa ni wa nyumba zote mbili. Asipokuwepo, hakichinjwi kitu. Mandefro akaenda mbio, akarudi anatembea.

"Hatakuja. Anasema tule tu. Yeye mwaka huu ameshiba."

"Ameshiba?" mzee akashangaa. "Saa hizi? Ameshiba nini?"

"Hakusema. Amekaa mlangoni, ananoa panga ambalo limeshanoleka."

Ndugu hao wawili ndio waliobaki kwa baba yao. Sikukuu hii wakila mbalimbali, mwakani kila mmoja atanunua fahali wake, na watoto wetu watakua wakichunguliana uani. Nimeona koo zilizogawanyika hivyo, zikazikana bila kulia.

Mzee alikuwa amewaka. "Nimemkosea nini mimi? Alisogeza ua akameza mistari yangu ya enseti, nikasamehe! Tukabusiana mabega, kasisi shahidi! Kila siku namsalimia, kila mwaka namkatia nyama!"

Birke alikuwa anapepeta kahawa, hakuinua hata kichwa. "Baba Mandefro, hebu igawe hiyo nyama kwa mdomo tusikie."

"Nundu ya kasisi. Sarara tunaikatakata kitfo, ile mbichi ya siagi. Kidari chako wewe. Paja la Mandefro, maskini, huko Addis wanamlisha dengu. Shibru..." Akasita. "Shibru, shingo."

"Mwaka jana?"

"Shingo."

"Mwaka juzi?"

"Kwani shingo si nyama?" mzee akafoka hadi fahali akageuka. "Inaota kwenye mti?"

"Mimi sijasema kitu," Birke akajibu. "Nimeuliza tu."

Miaka yote niliyoolewa hapa nimeipokea nyama hiyo kwa mikono yangu na kuifunga kwenye majani, na sikuwahi kuona. Nyani haoni kundule, lakini sisi wengine macho yetu yalikuwa wapi?

Mzee akaondoka na kisu chake, akaingia nyuma ya nyumba, kwenye enseti. Nami nikakumbuka ghafla kwamba majani ya kuwekea nyama hayatoshi, nikamfuata. Mnicheke, lakini majani kweli hayakutosha.

Enseti ni kama mgomba usiozaa ndizi, na majani yake yanaficha mtu vizuri. Nikamsikia anasema na Mungu, kwa sauti ya mtu anayebishania bei sokoni.

"Bwana, wewe unajua nilisamehe. Ulikuwepo. Kasisi alikuwepo." Kimya. "Shingo nayo umeiumba wewe." Kimya tena. "Haya, ningeweza kumpa mbavu. Ningeweza. Lakini yeye mistari yangu alirudisha? Na mimi nafunga, Bwana, mifungo yote, hata ile ambayo kasisi mwenyewe..."

Hapo akanyamaza, na safari hii kimya kilikuwa kirefu. Nilipochungulia, alikuwa anautazama mkono wake wa kulia, umeshika kisu, kana kwamba amewekewa mkono wa mtu mwingine.

"Kumbe ni wewe," akauambia. "Mdomo ulisamehe. Wewe hukusamehe."

Nikayaacha majani, nikakimbia jikoni nikiwaashiria wenzangu: anakuja, anakuja!

Hakupita mlangoni. Alipita palepale kwenye ua uliosogezwa, akauvuka, nasi tukamfuata mkururo mzima, Mandefro na siagi mdomoni. Shibru alikuwa bado kwenye kigoda chake. Hakusimama.

"Shibru," mzee akasema. "Kila mwaka nimekupa shingo. Si kwa bahati mbaya. Nilikuwa nakulipizia enseti, huku nasali. Nimejichunguza leo, kabla ya leo nilikuwa nawachunguza wenzangu. Nisamehe, ndugu yangu."

Midomo ikamcheza Shibru. "Miaka yote nilingoja uone mwenyewe. Ningekwambia, ungenisomea mifungo yako."

"Ningekusomea," mzee akakiri.

"Nami nilishindwa kusema, kwa sababu ule ua najua niliusogeza. Tutaurudisha."

Wakabusiana mabega, kulia, kushoto, kulia tena, na Birke akapiga kigelegele ambacho nadhani kilifika Addis. Mimi nililia waziwazi, sikuona haya. Kisha mzee Damtew akafanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona: akamkabidhi Shibru kisu. "Mwaka huu gawa wewe."

Mafahali wawili hawakai zizi moja, wanasema, lakini wa kwetu siku hiyo walikaa, na fahali wa kweli akachinjwa kwa furaha. Shibru akagawa. Nundu, sarara, kidari, paja. Akafika kwa kaka yake. Kisu kikashuka, kikaenda, kikaenda, halafu kikasimama juu ya nyama. Shibru akatoa macho.

"Damtew! Nishike mkono, upesi! Unakwenda shingoni!"

Tulicheka hadi Mandefro akakaa chini. Mzee akamshika kifundo cha mkono, na wakiwa wameshikana hivyo wakakata mbavu nono mbili, moja ya huyu, moja ya yule. Shingo ikabaki peke yake juu ya jani.

"Hiyo nipe mimi," mzee akasema.

"Acha, kaka, yameisha."

"Nipe. Sijawahi kuionja."

Akakata kipande, akakichovya kwenye pilipili, akatia mdomoni. Tukamtazama anatafuna. Akahamishia shavu la pili. Akatafuna tena, machozi yakaanza kumlengalenga, na haikuwa pilipili.

"Shibru," akasema na mdomo umejaa, "kumbe hii ndiyo uliyokuwa unakula?"

"Kula?" Shibru akasema. "Kaka, ya mwaka jana bado naitafuna."