Hema Lililopanda Ngong

Ijumaa alasiri, kikundi cha Tusindikizane cha mtaa wa Mbotela, Nairobi, kilitandaza vyombo vyake uani ili kichague vya kubeba kesho yake kwenda kutembea milima ya Ngong. Palikuwa na sufuria ya kupikia watu mia, viti vya plastiki, mablanketi, spika mbili, hema la matanga la nguzo nne, gunia la makaa na jogoo aliyefungwa miguu. Phelister, mwenyekiti, alivikagua akaona hakuna kilichosahaulika.

Tusiwacheke sana. Tusindikizane hakikuwahi kusafiri kwa jambo lingine ila mazishi. Miaka yote kilipanda basi kwenda Bungoma na Busia, kikazika, kikarudi, na kwa kufunga mizigo ya matanga hakuna wa kukifikia. Hili la kwenda mahali ambako hakuna aliyefiwa, mkapanda kilima kisha mkashuka, lilikuwa wazo la jirani yao Ifrah, muuza viatu wa Eastleigh, ambaye Ngong alishaizoea. Aliwaambia wiki nzima: maji, kofia, koti la mvua, kiatu chenye meno, begi la mgongoni, hivyo tu. Waliitikia vizuri sana, kisha wakaleta wanachokijua. Mazoea yana taabu.

Ifrah aliuliza jogoo anaenda kufanya nini mlimani. Phelister akamjibu kwamba yeye hajawahi kuona safari ya watu wazima isiyo na jogoo.

Aliyesimamisha hema ni Kweyu, alitaka kuona kama lina matundu. Kweyu ni msimamizi wa zamu katika kiwanda cha mabeseni ya plastiki, mtu mkarimu, mwenye sauti nzuri ya kuongoza nyimbo. Nguzo ya nne ilipokaa sawa, Opicho aliingia uani.

Opicho alikuwa amefariki mwezi wa tatu na kuzikwa kwao Bungoma na watu hawa hawa. Alikuja na suti waliyomzika nayo, viatu vikiwa na udongo, akawasalimia mmoja mmoja kwa mkono, akauliza ni nani ametuacha. Alikuwa ameona hema, alisema. Phelister akamweleza kwamba safari hii hakuna aliyekufa, wanaenda kutembea tu. Opicho akataka kujua wanatembea kumfuata nani. Alipoambiwa hakuna mtu, alifikiri kidogo, akasema si vibaya.

Triza, mjane wake, alimwambia apanguse viatu kwanza, maana baraza lilikuwa limetoka kupigwa deki. Kisha akamletea chai. Alifurahi kumwona, alifurahi mpaka akasahau sukari.

Ifrah yeye alimtazama miguu. Alisema viatu vya kanisani kama vile vitamwangusha kwenye mteremko, akaenda kumletea jozi yenye meno. Opicho aliijaribu, akazunguka nayo uani, akasema inambana kidogo kwenye kidole kikubwa.

Baada ya hapo walianza kupunguza mizigo. Spika zilirudi ndani, makaa yakarudi, viti vikarudi huku Phelister akivisindikiza kwa macho. Jogoo alifunguliwa, akaenda zake chini ya kamba ya nguo. Ifrah akafika kwenye hema, akasema hilo ndilo la kwanza kubaki, kwa uzito ule hata punda angelikataa. Waliposhusha nguzo moja, Opicho alififia upande wa kushoto. Waliposhusha ya pili, sauti yake ikawa ya redio iliyoishiwa betri. Wakazisimamisha tena, naye akaendelea na chai yake.

"Hema linaenda," Triza alisema.

Ifrah alimweleza kwa upole kwamba kupanda Ngong na hema lililosimama, katika upepo ule, ni kujitafutia balaa. Triza alisema tena kwamba linaenda. Kila mtu pale alijua sababu, na Kweyu aliijua kuliko wote.

Opicho alikufa kwa kubanwa na mashine katika kiwanda hicho cha mabeseni. Kiwanda kilisema hakuwa kazini siku hiyo, labda aliumia katika shughuli zake mwenyewe. Aliyekuwa akiwapangia vibarua mashine kila asubuhi ni Kweyu, na Kweyu alipoulizwa alisema hakumwona. Kisha akaja matangani, akaongoza nyimbo, akabeba jeneza upande wa mbele. Tangu hapo Triza alitaka jambo moja tu katika dunia hii, Kweyu aseme ukweli. Hakuwahi kumdai mbele ya watu, kwa sababu ni vigumu kumkemea mtu aliyekuzikia mume. Lakini sasa Opicho mwenyewe alikuwa ameketi pale na kikombe mkononi.

"Kweyu, huyu hapa," Triza alisema. "Mwambie siku ile alikuwa wapi."

Kweyu hakusita. "Alikuwa mashine namba tatu. Nilimweka mimi."

Opicho aliitikia kwamba ni kweli, namba tatu, na kinga ya mashine hiyo ilikuwa imeng'olewa siku nyingi.

"Basi Jumatatu nenda ofisini useme hivyo."

"Shemeji, nikisema hivyo sitamaliza siku pale."

"Na yeye aliimaliza?"

"Yeye alishakufa, hawana la kumfanya," Kweyu alisema. "Mimi niko hai. Shida iko hapo."

Opicho alisema anamwelewa, na hilo lilimuudhi Triza kuliko yote. Akatangaza kwamba hema litabebwa likiwa limesimama, na nguzo ya mbele, upande wa upepo, ni ya Kweyu.

Kesho yake walilisimamisha hema chini ya kilima, Opicho akatokea tena, na ndivyo walivyopanda. Watu wanne walishika nguzo, wengine wakatembea kivulini na maji yao na kofia zao, na Opicho katikati, akichapua mguu ndani ya viatu vipya. Vikundi vingine vilivyokuwa njiani vilisimama pembeni, vikavua kofia, kisha vikaona watu wanacheka, vikazivaa tena. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini hawakuwahi kumwona Kweyu akipanda Ngong. Upepo ulimvuta huku na huku, viganja vikachubuka, akakataa kupokewa, na bado akaongoza nyimbo. Kule juu Opicho alisema kumbe Nairobi ni ndogo hivi, akamwimbia Triza wimbo mmoja wa zamani kwa sauti mbovu, na Triza akacheka mpaka akakaa chini kwenye nyasi.

Waliposhuka, Opicho alimrudishia Ifrah viatu, akawaaga wote, akasema wakitembea tena mwezi ujao yupo. Wakakunja hema.

Jumatatu Kweyu aliitwa ofisini, kwa kuwa Triza alikuwa ameenda huko tena kulalamika tangu asubuhi. Aliulizwa, akasema hakumwona Opicho siku hiyo. Jioni alifika kwenye kikao cha Tusindikizane, akawaeleza mwenyewe alivyojibu, bila kupunguza neno. Triza alimmiminia chai kama wengine, akamwambia nguzo ya mbele ni yake kila mwezi, mpaka siku atakaposema.

Kweyu aliona ni haki. Akaviangalia viganja vyake, akamuuliza Ifrah kama anauza glavu.