Mji Ulioanzia Mafigani pa Babirye

Damalie alikuwa na kurasa kumi na mbili, zote zimepigwa taipu, wala hakuwa na shaka na mstari hata mmoja. Mwaka huo wa 1984 alikuwa muuguzi Flemingsberg, nchini Uswidi, na Jumamosi hiyo ilikuwa zamu yake kuzungumza mbele ya Waafrika Mashariki waliokuwa wakikutana katika maktaba ya Norsborg. Mada aliichagua mwenyewe: historia ya Kyebinga, mji mdogo wa chuo kusini mwa Uganda, ambako baba yake alikuwa mkuu wa chuo.

"Mwaka 1921 Kyebinga palikuwa pori tupu," akaanza. "Wakaja wamisionari, wakajenga chuo cha ualimu, na mji ukaota ubavuni mwake."

"Pori?" sauti ikatoka nyuma. "Kwa hiyo sisi tulikuwa nyani?"

Watu wakaangua kicheko. Msemaji alikuwa Mzee Erukana, msafishaji wa mabehewa ya treni, ambaye kwa kawaida alifuata kahawa tu.

"Mzee, kwani unapajua Kyebinga?"

"Nimezaliwa pale mnapopaita uwanja wa mpira, mwanangu."

Wanjira, Mkenya aliyeongoza mkutano, alipenda ubishi mtamu. Akampa mzee chaki. Erukana akachora njia panda, kisima, na mafiga matatu.

"Hapa mama yangu, Babirye, aliwapikia ndizi wachukuzi wa pamba. Wamisionari walipita, wakala. Wakarudi, wakala tena. Mara ya tatu wakaja na kamba za kupimia ardhi."

Damalie akahisi uso unawaka. Uwanja ule ndio aliochezea utoto wake wote.

"Mkafukuzwa," akasema polepole.

"Tukafukuzwa. Mama alilia siku mbili. Siku ya tatu akayahamishia mafiga ng'ambo ya barabara, mkabala na lango la chuo. Chakula cha chuo unakijua?"

Damalie alikijua: ugali mgumu wa posho na maharage yenye wadudu. Akacheka bila kutaka.

"Basi wanafunzi wakatumiminikia. Akaja fundi cherehani, akaja kinyozi, akaja Mhindi wa duka. Huo ndio mji."

"Ngoja, Mzee. Yule bibi mwenye kovu shavuni? Baba alikuwa akitutuma kwake Jumapili, mama asijue!"

"Baba yako!" Erukana akapiga paja. "Alikula huyo, Mungu ampe pumziko!"

Damalie akazikunja karatasi zake. Jumapili tatu mfululizo alikwenda kwa mzee na kalamu. Mmoja anamenya viazi, mwingine anaandika. Yako mambo mzee aliyatoa kwa shida, hasa fidia ya shamba walilonyang'anywa, iliyoahidiwa lakini mpaka mama yake anazikwa ilikuwa haijaja. Hapo Damalie aliweka kalamu chini, akasubiri.

Majira ya kuchipua wakatoa nakala arobaini za historia hiyo mpya kwa mashine ya maktaba. Sentensi ya kwanza ilisema kwamba Kyebinga ilianzishwa na mwanamke aliyejua kupika. Erukana alichukua nakala kumi, akazigawa kwa majirani zake, Waswidi na Waturuki, wasiojua neno la Kiswahili. Kila mlango uliofunguliwa, aliweka kidole juu ya jina la mama yake, akalitamka polepole, na hakuondoka mpaka mwenye nyumba amelitamka vizuri.